Nishani ya ushujaa: namna ya kuandaa pendekezo la haki kwa askari wa Mtwara na Lindi

Askari wawili wanaweza kufanya jambo lile lile, usiku ule ule, kwenye handaki moja. Mmoja akavishwa nishani uwanjani mbele ya bendi, mwenzake akarudi Tandahimba kulima mihogo bila hata barua ya shukrani. Kinachowatenganisha mara nyingi ni karatasi: nani aliona, nani alikuwa na kalamu, na kiongozi gani alibaki hai akaandika.

Mikoa ya kusini ina wengi wa aina ya huyo wa pili. Mto Ruvuma ulikuwa mstari wa mbele wa ukombozi wa Msumbiji, Nachingwea ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, na Naliendele wamezikwa Watanzania waliofia ng'ambo ya mto. Wapo waliopigana Vita vya Kagera, na wapo vijana waliotumwa Kongo na Cabo Delgado miaka ya karibuni. Maelezo haya ni kwa chama cha wastaafu, familia, au ofisa kijana wa kombania anayetaka kuandika pendekezo ambalo kamati haitalirudisha kwenye bahasha lilimotoka.

Jua unaomba nini

Makosa mengi huanzia hapa. Familia hupeleka barua ikisema mzee alitumikia miaka 25 bila doa, kisha inaomba nishani ya ushujaa. Hiyo ni hoja ya nishani ya utumishi mrefu. Kuwapo vitani ni hoja ya nishani ya vita, ambayo ni haki ya kila aliyeshiriki. Nishani ya ushujaa hutambua kitendo kimoja, chenye siku yake, mahali pake na watu waliokiona. Kama huwezi kukitaja kitendo hicho kwa sentensi moja, bado hujawa na pendekezo, hata kama mzee mwenyewe ni mtu wa kuheshimika kijiji kizima.

Kufa vitani nako ni jambo jingine, lenye heshima yake. Umoja wa Mataifa umeyatenganisha haya vizuri. Medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa 1997, hupewa kila mlinda amani aliyepoteza maisha kazini, awe alipigwa risasi au alipinduka na gari. Medali ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyoundwa na Baraza la Usalama 2014, ni ya ushujaa wa kipekee tu. Mwaka 2019 ilitolewa kwa Chancy Chitete, askari wa Malawi aliyeuawa Novemba 2018 upande wa Beni, Kongo, alipokuwa akimwokoa koplo wa Tanzania aliyejeruhiwa. Walinda amani wengine nao walikufa katika operesheni hiyo, na wote wana heshima yao. Cha Chitete ni kitendo chenye mwanzo na mwisho, kinachosimulika hatua kwa hatua.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba shujaa lazima awe amekufa. Katika vita vya Iraki na Afghanistani, Marekani ilikaa miaka mingi ikitoa Medali ya Heshima, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa, kwa marehemu tu, hadi 2010 alipovishwa Salvatore Giunta akiwa hai, wa kwanza tangu Vietnam. Uingereza iliwahi kukosea kinyume chake: hadi 1979, askari aliyekufa katika tendo la ushujaa angeweza kupata Msalaba wa Victoria, nishani yao ya juu kabisa, au kutajwa tu kwenye taarifa za kivita. Hapakuwa na kitu katikati. Unapoandika, usimpe mtu alama kwa sababu alikufa, wala usimnyang'anye kwa sababu alirudi.

Pima kitendo kabla ya kumtaja mtu

Chukua karatasi tupu, usiandike jina wala cheo. Jibu maswali manne, kila moja kwa alama 0 hadi 5, na mbele ya kila alama andika ushahidi unaoibeba:

1. Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, na yeye aliijua?
2. Alikuwa na nafasi ya kutokufanya bila kulaumiwa?
3. Alivuka wajibu wake wa kazi kwa kiasi gani?
4. Kitendo kililenga nini: kuokoa watu, kushika nafasi, kuwapa wenzake muda wa kuondoka?

Hiki ni kifaa cha kazi tu, si kanuni ya jeshi lolote, lakini kinasaidia kuona mahali ambapo hoja ni nyembamba. Swali la pili ndilo linalopuuzwa zaidi. Mpiga rashasha aliyeamriwa kubaki nyuma akabaki, ametii amri ngumu, na hilo ni kubwa. Aliyejitolea kubaki wakati zamu haikuwa yake, hilo ni kubwa zaidi, na sharti ushahidi uonyeshe kwamba alijitolea.

Swali la nne halisemi "kilifanikiwa?" Kwa makusudi. Dereva aliyeingia mara tatu kwenye eneo linalopigwa mizinga kuchukua majeruhi, kisha majeruhi wote wakafia hospitali, hatari aliyoibeba haikupungua hata chembe. Kamati nyingi hudanganywa na matokeo: ushindi hung'arisha kila aliyekuwa karibu nao, na siku ya kushindwa mashujaa hufunikwa pamoja na aibu ya makamanda. Kwa hiyo mapigano yaliyoenda vibaya ndiyo ya kuchimbua kwanza.

Mashahidi

Hapa ndipo kazi ilipo. Lenga mashahidi watatu walioona kwa macho yao. Wawili ndio kima cha chini. Wasiwe ndugu wa mhusika. Angalau mmoja awe wa cheo sawa naye au cha chini, kwa sababu mkuu wa platuni huona anachokiangalia yeye, na koplo wa seksheni huona kilichotokea. Akiwapo aliyeokolewa, maelezo yake yana uzito, ila yasisimame peke yake. Mtu aliyeokolewa humpenda mwokozi wake.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wastaafu hukusanyika, na ni siku nzuri ya kuwapata na kuchukua namba zao za simu. Lakini usiwahoji hapo. Wazee watatu wakikaa kwenye mkeka mmoja wakakumbushana, jioni utakuwa na hadithi moja yenye sauti tatu. Mhoji kila mmoja peke yake, nyumbani kwake, ikiwezekana siku hiyo hiyo ili wasipate muda wa kulinganisha.

Panga safari kwa kalenda ya huku. Oktoba hadi Desemba watu wako mashambani wanaokota korosho, au wako kwenye foleni ya ghala la chama cha msingi. Utapata mzee mwenye haraka, na mzee mwenye haraka hufupisha. Mvua zikishashika hadi Aprili, barabara nyingi za ndani za Liwale, Nanyumbu na Newala hazitabiriki. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kufanya kazi hii. Ila shahidi akiwa mgonjwa au umri umekwenda sana, usingoje Juni. Mfuate kwa simu, mrekodi, mambo mengine yatafuata.

Mahojiano yaende kwa mpangilio huu. Kwanza mwache asimulie bila kumkatiza, hata akianzia mbali. Pili mpe karatasi, au ardhi na kijiti, achore: mto ulikuwa wapi, adui wapi, yeye wapi, mhusika wapi. Tatu ndipo uulize maswali, na yasiwe ya kumpa jibu mdomoni. "Alitoka handakini?" ni swali baya. "Baada ya hapo alifanya nini?" ni zuri. Uliza pia: wewe binafsi ulisimama wapi ukaona hilo? Swali hili moja hutenganisha shahidi na msimuliaji wa yale yaliyozungumzwa kambini. Saa moja inatosha. Akianza kutetemeka au kunyamaza kwa muda mrefu, zima kinasa sauti, mnywe chai, mzungumze mengine. Hakuna nishani inayostahili kumrudisha mzee vitani kwa lazima.

Mwache aongee lugha inayomjia. Mmakonde anayesimulia kwa Kimakonde hukumbuka zaidi ya anayetafuta Kiswahili cha ofisini; ni hivyo hivyo kwa Wayao, Wamakua na Wamwera. Rekodi lugha yenyewe, kisha tafsiri, uandike jina la mtafsiri, na utunze rekodi ya asili. Usiisafishe. Maelezo matatu yaliyonyooshwa na kalamu moja yatafanana maneno, na kamati yenye akili itajua kwamba mashahidi wamefundishwa. Shahidi mmoja akisema ilikuwa alfajiri na mwingine akisema jua lilikuwa limeshatoka, acha tofauti ibaki na uitaje mwenyewe kwenye pendekezo. Watu wanaosema kweli hupishana kwenye mambo madogo.

Mita na tarehe ndizo huharibika kwanza kwenye kumbukumbu. Kwa umbali, usikubali "kama mita mia". Mpeleke nje: "Kutoka hapa hadi wapi?" Akikuonyesha mti, pima kwa futi kamba. Kwenye mashamba ya mikorosho yaliyopandwa kwa mistari ya kisasa, nafasi ni mita 12 kati ya mti na mti, hivyo akisimama kwenye mti mmoja, mti wa nne mbele yake uko mita 48. Mashamba ya zamani hayana mstari, hapo pima tu. Kwa tarehe, tumia matukio ambayo hakuna asiyeyakumbuka: kuuawa kwa Mondlane, Februari 1969, kuuawa kwa Karume, Aprili 1972, uhuru wa Msumbiji, 25 Juni 1975, majeshi ya Amin kuvuka mpaka, Oktoba 1978, kuanguka kwa Kampala, 11 Aprili 1979, kifo cha Samora, 19 Oktoba 1986. Ilikuwa kabla au baada? Kisha shuka kwenye msimu: wakati wa palizi, wa korosho, au ndani ya Ramadhani? Kwa njia hii "zamani sana" inaweza kufika kwenye mwezi mmoja.

Maelezo yakishaandikwa, msomee shahidi neno kwa neno, arekebishe, aweke saini au dole gumba. Kwa mambo mazito yafanye kuwa hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili. Barua ya mtendaji wa kijiji inathibitisha kwamba huyu ndiye fulani. Haithibitishi kwamba alichosema ni kweli.

Kuandika maelezo ya kitendo

Maneno 250 hadi 400, si zaidi. Anza na namba ya jeshi, cheo alichokuwa nacho siku ile (si alichostaafu nacho), kikosi na jukumu lake. Kisha hali: siku, saa, mwanga, ardhi, nguvu ya adui, amri iliyokuwapo. Kisha kitendo, hatua kwa hatua. Mwisho matokeo.

Tumia vitenzi, acha sifa. Linganisha hizi mbili, zote za mfano tu:

"Askari huyu shupavu, bila kujali maisha yake, alipambana kama simba chini ya mvua ya risasi."

"Rashasha ya adui ilikuwa mita 60 mbele, ng'ambo ya korongo. Askari A aliacha bunduki yake, akatambaa mita 35 mahali pasipo na kichaka, akamvuta majeruhi wa kwanza hadi handakini. Alirudi kwa wa pili. Safari hiyo alipigwa risasi ya paja, akaendelea kuvuta."

Ya kwanza inaweza kuandikwa juu ya mtu yeyote na mtu yeyote mwenye lugha tamu. Hapo ndipo dhuluma hupenya kimya kimya: kikosi chenye ofisa hodari wa kuandika hupata nishani nyingi kuliko kikosi chenye ofisa mvivu, na ushujaa haukuhusika. Kama wewe ndiye mwenye kalamu nzuri kwenye chama, waandikie na wale usiowajua.

Na usifiche linalomdhuru mhusika. Kama aliwahi kufungwa au kushushwa cheo, liseme kwa mstari mmoja, pamoja na kwamba halihusiani na kitendo. Likigunduliwa baadaye litaangusha hata yaliyo kweli.

Mahali haki inapopotea

Cheo ndicho cha kwanza. Uingereza hadi 1993 ilikuwa na Msalaba wa Kijeshi kwa maofisa na Medali ya Kijeshi kwa askari wa chini, kwa ushujaa wa daraja moja. Mwaka huo ndipo Msalaba ulipofunguliwa kwa wote. Ukiona kwenye orodha yako maofisa ni nusu ilhali kwenye kombania walikuwa mmoja kati ya ishirini au thelathini, rudi ukatafute.

Rangi ni ya pili, na ushahidi wake uko hapa kwetu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Msalaba wa Victoria ulitolewa kwa Kapteni William Bloomfield kwa kitendo cha Mlali, Agosti 1916, na kwa Sajenti Frederick Booth kwa kitendo cha upande wa Songea, Februari 1917. Wote wawili walikuwa Wazungu, na wote walimwendea majeruhi chini ya risasi. Oktoba 1917, Mahiwa, ndani ya mkoa wa Lindi wa leo, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, wengi wao askari wa Nigeria na wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki). Katika vita vile vyote hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyepewa Msalaba huo. Wao waliwekewa medali yao ya daraja la chini. Na wapagazi, waliobeba risasi na machela na kufa kwa maelfu mengi, wengi wao hata hapo hawakufika.

Marekani ilijikuta pale pale: katika Vita vya Pili hakuna mwanajeshi mweusi aliyepewa Medali ya Heshima. Utafiti ulioanza 1993 ulichunguza jinsi mapendekezo yalivyoshughulikiwa, na Januari 1997 saba wakavishwa. Aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker. Njia waliyoitumia inafaa kuigwa: hawakushusha kipimo kwa ajili ya fidia, walifuatilia kila faili kuona liliishia meza ya nani na kwa sababu gani.

Ya tatu ni mgao. Ukisema kila kombania itapata nishani mbili, umeshaamua kabla ya kusoma. Baada ya mapigano ya Long Tan, Vietnam, Agosti 1966, mapendekezo kadhaa ya Waaustralia yalishushwa daraja chini ya utaratibu wa mgao, na masahihisho yakaja zaidi ya miaka 40 baadaye.

Lakini ukarimu usio na kipimo nao ni dhuluma. Mwaka 1863 kikosi cha 27 cha jimbo la Maine, Marekani, kiliahidiwa Medali ya Heshima kwa watakaokubali kubaki kuilinda Washington muda wao ukiwa umekwisha. Walibaki kama 300. Zikatolewa medali 864, hata kwa waliokwenda nyumbani. Mwaka 1917 bodi ya uchunguzi ilifuta majina 911, yakiwamo hayo yote. Waliobaki kweli walipoteza pamoja na wasiobaki.

Kwenye orodha yako tafuta kwa makusudi wapishi, madereva, matabibu, washika redio na wanawake. Hawa hufanya mambo yao pembeni, mbali na macho ya kamanda.

Kamati ya chama

Kabla pendekezo halijatoka wilayani, lipitishwe na watu watano, idadi isiyogawanyika sawasawa. Mwenye undugu, ukwe au ugomvi na mhusika atoke nje. Katibu afute jina, cheo, kabila na kijiji, aweke herufi. Kila mjumbe atoe alama zake kwa maandishi kabla ya mtu yeyote kuzungumza. Mkubwa wa cheo akianza kusema, wengine watamfuata, hata wakiwa wamestaafu miaka 30. Azungumze wa mwisho.

Alama zikitofautiana kwa zaidi ya 5 kati ya 20, rudini kwenye ushahidi, msigawane tofauti. Pendekezo likishushwa au kukataliwa, sababu iandikwe na kusainiwa. Na kama kundi zima lilikuwa sawa kwa ushujaa na hamuwezi kumtenga mmoja, semeni hivyo. Masharti ya kwanza ya Msalaba wa Victoria, ya 1856, yaliruhusu askari wa kundi la namna hiyo kuchagua kwa kura wenzao watakaovaa kwa niaba yao. Kuwauliza waliokuwapo bado ni wazo zuri kuliko kukisia.

Kupeleka

Andaeni nakala tatu: moja ya kupeleka, moja ya chama, moja ya familia. Ndani yake iwe barua ya utangulizi ya ukurasa mmoja, maelezo ya kitendo, maelezo ya mashahidi, mchoro wa eneo, nakala za vitambulisho au kitabu cha jeshi, na orodha ya kilichokosekana na sababu yake. Pa kuanzia kuulizia ni ofisi ya mshauri wa mgambo wilayani. Huko mtaelekezwa njia ya kufika makao makuu. Mwenye mamlaka ya kutunuku ni Rais, Amiri Jeshi Mkuu, kwa hiyo yeyote anayeahidi kwamba "atawasukumia" kwa ada ni tapeli. Msimlipe hata nauli.

Kwa operesheni za karibuni, ulizeni kabla ya kuandika majina ya maeneo, silaha na idadi ya askari. Mengine bado ni siri, na kuyarusha kwenye kundi la WhatsApp kunaweza kumtia matatani mtu mnayetaka kumheshimu. Sauti na picha zibaki kwenye faili.

Jibu likichelewa, andikeni kuulizia kwa kutaja kumbukumbu namba ya barua ya kwanza. Likija la kukataa, ombeni kujua ni kipi kilichokosekana: shahidi, tarehe, au uzito wa kitendo. Kwa mawili ya kwanza faili linaweza kurudi. Teddy Sheean, baharia wa Australia aliyekufa 1942, alipewa Msalaba wa Victoria 2020, baada ya maombi kukataliwa na kurudishwa tena. Nakala ya chama iwekwe kwenye kasha la bati juu ya meza, si kabatini ukutani. Mchwa wa huku hawasomi, lakini karatasi wanazimaliza.